Tunaomba chumba chenye komeo kwa ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limeninyima usingizi tangu mwezi uliopita. Ukumbi mdogo ambao kila Alhamisi jioni, kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, ulikuwa ukitumiwa na mwalimu wa yoga, yaani mazoezi ya kunyoosha viungo na kupumua, kuwafundisha wanawake waliopigwa na kuteswa majumbani mwao, umefungwa kwetu. Hatukupewa barua. Mlinzi alituambia getini kwamba wenye ukumbi wamepokea malalamiko ya aina mbili: kwamba tunaingiza ibada za kigeni mtaani, na kwamba wanawake maskini wanapotezewa muda wa kutafuta riziki kwa kufundishwa kunyoosha viungo. Wenye ukumbi siwataji, kwa kuwa mali ni yao na sina ugomvi nao. Nataka kuyajibu malalamiko yenyewe, kwa sababu yanasemwa na watu wengi wenye nia njema hapa Mwanza, na mimi mwenyewe niliwahi kuyasema.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi miaka 32 katika zahanati na vituo vya afya vya kandokando ya ziwa, visiwani na mjini. Katika darasa hilo kazi yangu ni ndogo: nakaa kwenye kiti karibu na mlango, kwa ndani, na kulinda komeo. Anayetaka kutoka namfungulia bila kumwuliza anakwenda wapi. Anayebisha hodi namwuliza ni nani kabla mtu yeyote aliyemo hajalazimika kugeuza shingo kwa hofu. Mwalimu ni binti wa hapa hapa Mwanza. Jina lake sitalitaja, wala jina la mtaa, kwa sababu wapo wanaume wanaowatafuta wake zao, na gazeti lako linasomwa na wote.

Nianze na kosa langu. Katika miaka yote ile walikuja mbele yangu wanawake wanaolalamikia kichwa, mgongo, tumbo lisiloeleweka, moyo kwenda mbio na usingizi wa mang'amung'amu. Tulipima malaria, haikuonekana. Tulipima mkojo, ulikuwa safi. Shinikizo la damu lilipanda leo na kushuka kesho. Niliwapa dawa ya maumivu, nikawaambia wapumzike na wanywe maji mengi. Mara nyingine niliona alama shingoni iliyofunikwa kwa kanga, nikaambiwa kwamba mgonjwa ameteleza kwenye mawe, nami nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari, kwa kuwa katika mji ambao nyumba zimepanda mlima juu ya miamba na njia za kuteremkia barabarani ni mawe matupu, jibu kama hilo huaminika upesi. Ningeweza kufunga mlango wa chumba cha sindano na kuuliza mara ya pili. Sikuuliza.

Nilichokuwa sikijui, ijapokuwa nilikiona kila wiki, ni kwamba mwili wa mtu aliyeishi na kipigo hubaki macho hata baada ya kipigo kukoma. Mabega na taya hukaza, pumzi huwa fupi na ya juu juu, na sikio husikiliza hatua za nje hata wakati mdomo unazungumza habari nyingine. Mwanamke anaweza kuwa amekwisha kuhama, yuko kwa dada yake Igoma, mlango umefungwa na watoto wamelala, na bado mwili wake unangoja pigo. Ukimwambia asahau, unauambia moyo wake, mwili haukusikii.

Darasa lenyewe huchukua saa moja, kuanzia saa kumi alasiri, ili kila mtu awahi kurudi nyumbani kabla ya giza. Mikeka hutandikwa ikielekea mlangoni, ili kila aliyekaa auone mlango na pasiwepo wa kupita nyuma ya mgongo wake. Mwalimu hukaa mahali pamoja na hatembei katikati ya wanafunzi. Kabla ya kuanza huwaonyesha tena mlango, komeo, choo na ndoo ya maji ya kunywa, hata kama wamekwisha kuja mara ishirini. Taa haizimwi, muziki haupigwi, na hakuna anayeambiwa afumbe macho. Halafu husema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na jirani: “Mama zangu, mkipenda tunaweza kuinua mkono huu. Ukiona unauma, au hupendi tu, uache hapo ulipo. Sikiliza bega lako.” Hamgusi mtu. Mkono wa mwanafunzi ukikaa upande ambao haukukusudiwa, hauendei kuunyoosha na wala hamtaji mwenye mkono. Husogeza wake mwenyewe taratibu, na anayetaka huona.

Nilipoyatazama hayo mara ya kwanza nilidhani ni ulegevu. Nilizoea wodi, ambako tunasema geuka, lala, vuta pumzi, na mgonjwa anatii. Zilipita Alhamisi nne au tano ndipo nikaelewa kwamba neno “mkipenda” ndilo dawa yenyewe. Mwanamke ambaye kwa miaka kumi amepangiwa nguo ya kuvaa, jirani wa kumsalimia, saa ya kutoka sokoni, na usiku akapangiwa la kufanywa na mwili wake, atake asitake, hajaulizwa kwa muda mrefu kama anapenda. Kuinua mkono ni jambo dogo mno. Lakini ni mkono wake, ameuinua yeye, na akiushusha hakuna anayemkemea. Wiki ijayo anaujaribu mguu. Kwa mwendo huo wa polepole mwili unarudishwa kwa mwenyewe, na sijaona katika kazi yangu yote ya uuguzi tiba iliyowarudishia mwili wao namna hiyo.

Kuna mkao mmoja unaopendwa sana katika yoga, wa kupiga magoti na kulaza kipaji cha uso sakafuni, nao huhesabiwa kuwa mkao wa mapumziko. Mwalimu wetu hautumii. Huku kwetu mwanamke hupiga magoti anapomsalimu mkubwa, anapotenga chakula, anapomnawisha mgeni mikono, na hiyo ni heshima niliyofundishwa na mama yangu, nami nikawafundisha binti zangu. Lakini wamo darasani wanawake ambao waliwahi kupiga magoti na kuinamisha uso wakiomba wasiendelee kupigwa. Mwalimu alilijua hilo siku mwanafunzi mmoja alipoinuka ghafla kutoka katika mkao huo, akaenda kusimama kwenye kona akiubana mgongo ukutani, asiweze kusema neno. Tangu siku hiyo anayetaka kupumzika hukaa kitini, nyayo zote mbili zikiwa chini na mikono juu ya mapaja. Mkao huo mwalimu anauita “jiwe”, na hakuhitaji kueleza kwa nini, maana wote tumekua tukiyaona yale mawe ya mji huu yaliyokaliana, jingine juu ya jingine, na hayadondoki.

Siwezi kusimulia habari za mwanafunzi kwa namna ya kumtambulisha, kwa hiyo nitasema jambo moja tu. Alikuwepo mama mmoja, mwanika dagaa, aliyekuja wiki saba mfululizo na kukaa karibu na kiti changu, kandambili miguuni na mkoba begani, asifanye hata zoezi moja. Mwalimu hakumwita, hakumtazama zaidi ya alivyowatazama wengine, na kila mwisho wa darasa alimwambia maneno yale yale: “Asante kwa kuja, mama.” Wiki ya nane alivua kandambili, akazipanga chini ya kiti, akautua mkoba juu yake. Zoezi hakufanya siku hiyo pia. Lakini tulipokuwa tunakunja mikeka mwalimu alitokwa na machozi, nami nilijua ni kwa nini: kwa wiki saba mama yule alikuwa amekaa tayari kukimbia, na siku hiyo alikuwa amekaa tu.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni hisia za bibi mzee. Njia anayoifuata mwalimu huyu haikuanzia kwake. Katika miaka ya mwanzoni mwa karne hii, huko Massachusetts nchini Marekani, mwalimu wa yoga David Emerson alianza kufanya kazi pamoja na daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk ili kuipanga yoga upya kwa ajili ya watu wenye kiwewe, yaani hofu inayobaki mwilini baada ya mateso, na kutoka kwao ndipo yalipotoka mambo haya ya kualika badala ya kuamuru na ya kutomgusa mwanafunzi. Mwaka 2014 walichapisha pamoja na wenzao matokeo ya utafiti wa wanawake 64 wenye kiwewe sugu, ambao matibabu waliyokuwa wamepata hayakuwa yamewaondolea. Baadhi yao walifanya yoga saa moja kwa wiki kwa wiki 10, na wengine kwa muda huo huo walipewa elimu ya afya ya mwanamke. Mwishoni, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe, na katika kundi la pili walikuwa asilimia 21. Ni utafiti wa watu wachache, na karibu nusu ya waliofanya yoga walibaki na kiwewe chao, kwa hiyo simwahidi mtu muujiza. Lakini tofauti kati ya nusu na moja ya tano, kwa watu ambao njia nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia, muuguzi yeyote ataiheshimu.

Sasa nije kwenye neno ibada. Yoga asili yake ni India, na huko ilikozaliwa imefungamana na dini; hilo sitalificha, kwa sababu mtu akifichwa jambo moja hataamini la pili. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na lina maana ya kuunganisha, kama ng'ombe wanavyofungwa nira moja. Kinachofanyika katika darasa letu, hata hivyo, ni kukaa, kusimama, kunyoosha viungo na kupumua. Hakuna sanamu, ubani, wimbo wala maneno ya kuitikia, na kila mkao una jina la Kiswahili. Wamo Wakatoliki, Waislamu, Wasabato na waumini wa kanisa la AIC. Wanaovaa hijabu huja nayo, na mikao yote inawezekana mtu akiwa na gauni na kanga kiunoni. Mimi ni Mkatoliki, na nilimweleza paroko wangu kila kitu kabla sijakubali kukaa mlangoni. Sheikh, mchungaji au padri mwenye shaka na amtume mama anayemwamini. Kiti cha pili kando yangu kipo, akae mwezi mzima aone.

Kuhusu riziki, hoja hiyo naichukua kwa uzito zaidi, maana wengi wa wanawake hawa ni wa mwaloni kwenye samaki, mama lishe na wachuuzi wa mboga, na saa moja ya alasiri si bure kwao. Lakini dhana ya kwamba mwanamke akishapata mtaji kipigo kitakoma ina jibu lililopatikana hapa hapa Mwanza. Katika utafiti uliopewa jina la MAISHA, wanawake zaidi ya 1,000 waliokuwa katika vikundi vya mikopo waligawanywa kwa vikundi vyao. Mikopo walikuwa nayo wote. Sehemu ya vikundi iliongezewa vipindi 10 vya mafunzo na mazungumzo kuhusu mahusiano na ukatili. Waliopata vipindi hivyo waliripoti kupigwa kwa kiwango cha chini kuliko waliobaki na mikopo peke yake. Mafunzo hayo hayakuwa yoga, nami sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba fedha peke yake haikutosha, na saa ambazo wanawake walikaa pamoja katika chumba kimoja zilikuwa na faida ya kupimika. Tena mwanamke ambaye hajalala usiku, ambaye mkono unatetemeka anapohesabu chenji kwa sababu mteja amepaza sauti, mtaji utamfaa nini kabla hajapata utulivu?

Lipo pia neno linalosemwa chini kwa chini, kwamba darasa hili linavunja ndoa. Hatumwambii mtu aondoke kwa mumewe wala asiondoke. Anayejua kazi hii anajua kwamba siku ya kuondoka na majuma yanayoifuata ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, na mshauri wa nje asiyelala katika nyumba hiyo hana haki ya kuipanga siku hiyo. Kilichopo ni karatasi iliyobandikwa upande wa ndani wa mlango wa choo, mahali ambapo mtu anaweza kusoma akiwa peke yake. Inaeleza lilipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, namna ya kupata fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na kilipo Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo aliyeumizwa huonana na daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii bila kuzungushwa. Mstari wa mwisho unataja kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachosema kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa, hata kama ipo mila inayosema vinginevyo. Sheria hiyo ina umri wa zaidi ya nusu karne. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamepata kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Darasa halichukui nafasi ya dawati, hospitali wala mahakama. Mtu aliyevunjwa mkono apelekwe hospitali, si kwenye mkeka.

Jambo moja linanikereketa, nami nitalisema hapa kwa sababu limetugharimu zaidi ya malalamiko yote. Mwaka jana, katika zile siku 16 za kupinga ukatili zinazoanza Novemba 25, alitufikia mgeni kutoka ofisi fulani akiwa na kamera na fulana za kugawa. Aliomba wanawake watatu watoe ushuhuda, wasimame mbele na kueleza walivyopigwa, ili wengine wajifunze. Mwalimu alikataa kwa adabu. Mgeni alisubiri nje, akawazungumzisha wawili walipokuwa wakitoka, akawapiga picha. Hao wawili hawajarudi mpaka leo, na mmoja wao alikuwa ameanza kulala usiku. Nawaomba wanaopenda kusaidia, wawe wa serikali, wa mashirika au wa makanisa, waelewe kwamba mwanamke haji pale kusimulia. Amekwisha kusimulia kwa mjumbe, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa wazee wa ukoo, kwa baraza la usuluhishi wa ndoa, kwa polisi na kwa daktari, na kila mara ameulizwa alifanya nini mpaka akapigwa. Saa ile moja ndiyo saa ambayo haulizwi.

Nawaonya vilevile wenye moyo mwepesi wa kuiga. Si kila ajuaye yoga anafaa kwa kazi hii. Mwalimu wa kawaida, hata awe hodari, hukugusa mgongo ili uunyooshe, hukwambia ushikilie pumzi, huzima taa mwishoni na kuwataka wote walale chali macho yakiwa yamefumbwa. Kwa mtu aliyewahi kukabwa, kushikilia pumzi ni mateso. Kwa aliyewahi kubakwa, kulala chali gizani na mtu akipita kando ya kichwa chake ni kurudishwa pale pale. Nimemwona mwanamke akitapika baada ya darasa la namna hiyo mahali pengine. Afadhali pasiwepo darasa kuliko kuwepo la kuumiza.

Ombi langu linawahusu wenye majengo na viongozi wa kata. Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto zimeundwa kuanzia mtaani hadi halmashauri chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, nazo hukutana katika ofisi ambazo mara nyingi hubaki tupu alasiri. Zahanati nazo zina chumba cha kliniki ya mama na mtoto ambacho kazi yake huisha mchana. Hatuombi fedha, na mwalimu hajawahi kudai nauli. Tunaomba saa mbili kwa wiki, siku ile ile na mahali pale pale, kwa sababu kubadilishiwa mahali kila mara ni kazi nzito kwa mtu anayetoka nyumbani kwa hofu.

Kwa sasa tunakutana uani kwa mwenzangu mmoja, chini ya mwembe, tumezungushia turubai. Upepo wa ziwa ukivuma turubai hupiga kelele, na kila likipiga wanawake wote hugeuka. Tulikuwa 14, Alhamisi iliyopita walikuja watano, na yule mama wa kandambili alikuwa mmoja wao, ingawa safari hii hakuzivua. Chumba kinachotutosha ni cha hatua kumi kwa nane, chenye mlango mmoja usiotazama barabarani, choo kilicho ndani ya jengo, madirisha yenye pazia au kioo kisichoonyesha ndani, na komeo upande wa ndani. Viti vya plastiki na mikeka tunayo. Mwenye chumba hicho, popote mjini hapa, Nyamagana au Ilemela, na aandike kwako, Ndugu Mhariri, nami nitapita ofisini kwenu kila Jumatatu asubuhi kuuliza.

Muuguzi mstaafu,
Mwanza
(Jina langu kamili nimelikabidhi kwa mhariri.)